Njia za ioni ni za moyo pia, si za maumivu tu

Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuwaandikia, lakini makala yenu kuhusu dawa mpya ya maumivu inayolenga njia za ioni, yaani vile vijilango katika utando wa seli vinavyopitisha chembe zenye chaji ya umeme kama sodiamu na potasiamu, imenishinda kuinyamazia. Mwandishi ameshangilia njia hizo kama kitu kilichogunduliwa juzi. Wanasayansi Hodgkin na Huxley walieleza tangu mwaka 1952 jinsi sodiamu inavyoingia na potasiamu inavyotoka neva inapopeleka ishara, na wenzao Neher na Sakmann walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1991 kwa kupima umeme unaopita katika njia moja tu kwenye utando wa seli. Hata hilo ningelisamehe. Kilichonikasirisha ni kwamba ukurasa mzima umepita bila neno moyo kutajwa hata mara moja.

Kila pigo la moyo huanza kwa sodiamu na kalisi kuingia katika seli, na huisha kwa potasiamu kutoka. Mojawapo ya njia za kutokea potasiamu huitwa hERG. Ikizibwa, moyo huchelewa kujitayarisha kwa pigo linalofuata, mapigo yanaweza kuvurugika, na mtu akaanguka au akafa ghafla. Tena njia hiyo huzibwa kwa urahisi na dawa ambazo hazikukusudiwa kuigusa. Terfenadini ilikuwa dawa ya mzio tu, ikaondolewa sokoni Marekani mwaka 1998. Sisapridi, ya tumbo, ikafuata mwaka 2000. Ndiyo maana leo dawa mpya hupimwa dhidi ya hERG kabla ya kumfikia mgonjwa. Je, hilo si la kumwambia msomaji?

Mwanangu alizaliwa na kasoro katika njia hiyohiyo. Alikuwa akizimia kengele ya saa inapolia ghafla alfajiri, mwili ukikakamaa, na tukaambiwa ni kifafa. Akanyweshwa karbamazepini kwa miaka, dawa ambayo nayo hufanya kazi kwa kuziba njia za sodiamu, na bado akaendelea kuanguka. Kila alipoanguka tulilaumiwa sisi kwamba hatumpi dozi sawasawa. Wapo jamaa walioanza kunong'ona mambo ya mashetani. Kisha akaugua kifua, akaandikiwa erithromaisini, dawa inayojulikana kuziba hERG, na hakuna aliyeuliza kama mtoto huyu huzimia. Alianguka, na safari hiyo nilidhani nimempoteza. Ni daktari wa zamu, kijana kabisa, aliyeagiza kipimo cha umeme wa moyo, akauweka ule mkanda wa karatasi mbele yangu na kunionyesha kwa kalamu sehemu iliyorefuka kupita kiasi. Kipimo kile hakiumi, huchukua dakika chache tu, na miaka yote ile hakuna aliyekiagiza! Leo anatumia dawa ya kutuliza moyo, na dada yake amepimwa pia, kwa sababu kila mtoto wa mzazi mwenye kasoro hiyo ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi.

Na hapo sijasema juu ya karatasi za maelezo ya dawa. Onyo la moyo limo, lakini katika herufi ndogo zisizosomeka, lugha ya wataalamu, katikati ya kichefuchefu na vipele. Mwenye kuuziwa vidonge vya kuhesabiwa katika bahasha hapati hata karatasi hiyo.

Ombi langu ni hili. Kila mnapochapa habari ya dawa, tengeni kisanduku chini yake, kwa herufi za ukubwa uleule wa habari, chenye sentensi mbili: "Aliyewahi kuzimia akikimbia, akiogelea au akishtuliwa na sauti, apimwe umeme wa moyo kabla ya kuitwa mwenye kifafa. Na amwambie kila anayempa dawa kwamba huzimia." Anzeni na toleo lijalo, katika ukurasa uleule uliobeba makala ile.

Mama wa mgonjwa