Kwa nini kipindi cha sita hakijatoka

Nkuhungu, Dodoma
Julai

Somo yangu mpendwa,

Salamu zako nimezipata pamoja na karatasi ya maswali kuhusu vipindi vya sauti vya watu wanaoishi na VVU, mnavyotaka kuanzisha huko kama hivi vyetu, na watoto wameyashambulia yale maparachichi hata kabla sijayaosha. Sisi huku ni wazima. Baridi imeshuka, na upepo wa Dodoma unaujua mwenyewe, unabamiza milango na kutia vumbi ndani ya uji. Hofu ni kwako tu, maana nasikia Makambako asubuhi hakutokeki.

Nianze na swali jepesi, la maikrofoni. Nunua ile ndogo ya kubana kwenye nguo, yenye waya, pamoja na kinasa sauti kinachotumia betri za dukani. Ile kubwa ya mezani iache. Mtu anayekuja kukusimulia siku aliyopimwa hawezi kusema na dude lililomkabili mdomoni, lakini hii ya kwenye nguo baada ya dakika tano ameshaisahau. Nunua na manyoya yake ya kukinga upepo. Chumba kisikusumbue, magodoro mawili ukutani na blanketi mlangoni vinatosha. Ila usirekodi mchana chini ya bati lisilo na dari. Jua likipanda bati linaalika kama mtu anavunja vijiti, na sauti hiyo ikishaingia haitoki.

Swali lako la pili ndilo lililonikalisha na kalamu usiku huu. Unauliza kwa nini kipindi cha sita hakijatoka, wakati nilikwambia tangu Mei kwamba kimeiva. Kimeiva kweli. Kina dakika 24, na naamini ni kizuri kuliko vyote vitano vilivyotangulia. Kimelala kwenye diski, ndani ya droo, na ufunguo ninao mimi.

Mzungumzaji wetu ni dada mmoja niliyeletewa na mwaviu mshauri, yaani mtu anayeishi na VVU na kuwashauri wenzake, wa kliniki moja ya hapa mjini. Jina lake sitakuandikia, wala wilaya anayotoka, hata wewe. Huja mjini kuchukua dawa, ingawa kituo cha afya cha kwao kina CTC, kliniki ya huduma na dawa za VVU, na ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Lakini pale chumba cha CTC ni cha mwisho kabisa, na benchi lake liko peke yake chini ya mwarobaini. Ukikaa hapo saa mbili asubuhi, saa nne kijiji kizima kina habari zako. Kwa hiyo hupanda basi. Gharama yake alinihesabia kwa namna ambayo sijawahi kuikuta kwenye ripoti yoyote: kila safari ni kuku mmoja. Alipoanza, dawa zilikuwa za mwezi mmoja mmoja, kuku 12 kwa mwaka. Baadaye vipimo vilipoonyesha virusi vimefubaa, yaani vimepungua sana mwilini, na hali yake imetulia, akapewa za miezi mitatu, na sasa za miezi sita. "Siku hizi banda langu lina kuku," alisema. Ningeweza kumweka daktari aeleze utaratibu wa kutoa dawa za miezi mingi kwa robo saa nzima, na asingefika alikofika yule dada kwa maneno sita.

Halafu akaleta habari ya kopo. Vidonge vya siku hizi, TLD, vyenye dawa tatu ndani ya kidonge kimoja, ni kimoja tu kwa siku, na hutolewa kwenye kopo la plastiki. Kopo hilo lina mlio wake. Ukitembea nalo mkobani linalia chaka, chaka, na ndani ya basi lililojaa hukosi mtu anayeujua mlio huo, kwa kuwa na yeye ana kopo lake nyumbani, au amewahi kumuuguza mwenye nalo. Yule dada alikuwa akivimimina vidonge kwenye gazeti na kulitupa kopo chooni kabla ya kupanda basi. Nesi tuliyekuwa naye akamkatiza, kwa upole kabisa. Vidonge visitolewe kwenye kopo lake, unyevu huviharibu, na kile kifuko kidogo kilichomo ndani kimewekwa kunyonya unyevu. Akamwonyesha kuweka pamba safi, kavu, juu ya vidonge kwa muda wa safari tu, kisha kufunga. Nikalitikisa kopo mbele ya maikrofoni kabla ya pamba na baada ya pamba. Kipindi kinaanza na sauti hizo mbili, sekunde nane, bila neno. Mwaviu mshauri alipozisikia alivua hedifoni akatoka nje kwanza.

Kosa letu la kwanza lilikuwa la kumrekodia kwao, uani. Mazungumzo yalikuwa matamu hata sikusikia kingine chochote. Aliyesikia ni kijana wetu wa kuhariri. Alisimamisha sauti, akaniambia, "Dada, hii mashine ya kusaga naijua." Ilikuwa nyuma ya maneno yake, injini inayokohoa mara tatu kabla ya kushika, na kijana huyu amekulia vijiji vya upande ule. Mbele kidogo konda anasikika akiita abiria, anataja vituo vitatu mfululizo. Tulikuwa tumelificha jina la mtu, na mashine ya kusaga inamtaja. Nilimrudia nikamwomba radhi, nikaifuta rekodi mbele ya macho yake, tukaanza upya hapa kwangu katikati ya magodoro. Tangu hapo, kabla ya kurekodi, tunanyamaza dakika nzima tumefumba macho, kisha kila mmoja anataja alichosikia: kengele ya shule, adhana, mbwa wa jirani, bomba. Kinachoweza kumtaja mtu, tunakihama.

Kisha ikaja sauti yenyewe. Tuliishusha, tukaifanya nzito, kama wanavyofanya kwenye televisheni. Desturi yetu ni kwamba mzungumzaji husikiliza kabla ya mtu mwingine yeyote, na ana haki ya kukata popote anapotaka. Akaja, akavaa hedifoni, akasikiliza nusu ya kwanza kimya. Kisha akaniuliza, "Mbona mmeniweka kama jambazi?"

Somo, sikuwa na jibu. Sauti ile tumezoea kuisikia kwa mtu aliyekamatwa au anayemkimbia mtu. Yeye hana alichokosa. Alipimwa kliniki ya wajawazito, akaanzishiwa dawa, akazaa, akanyonyesha, mtoto akapimwa mpaka kipimo cha mwisho na hana virusi. Mumewe anajua, hupima, na yeye hana. Habari ya mama aliyefanya kila kitu sawasawa, sisi tukaivika kinyago. Niliumia kuliko nilivyoumia kwa ile mashine, kwa sababu mashine hatukuisikia, lakini hii tuliikusudia, tena tukiita kumlinda.

Tukajaribu kumtafuta mwigizaji asome maneno yake. Alisoma vizuri, ila ni binti wa Pwani, na maneno ya mtu aliyelelewa kwa ugali wa uwele na mlenda hayakukaa kwenye ulimi ule. Yule dada akiingia mahali husema "mbukwenyi" kwanza, salamu ya Kigogo, hata mbele ya maikrofoni. Kwa binti lilitoka kama neno la kukariri. Mwenyewe aliposikia akasema ni vizuri, lakini huyu si mimi.

Akaomba maji. Akanywa. Akasema tutumie sauti yake kama ilivyo, tukate tu majina na mahali. Nikamwambia wazi yatakayofuata: atakayeijua sauti yako ataijua, na ikishaingia kwenye simu za watu hairudi. Vijana wa Majengo wanaojaza nyimbo kwenye memori kadi huchomeka na vipindi vyetu humohumo bila kutuuliza, jambo ambalo mpaka siku hiyo lilikuwa linanifurahisha. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu yake na kukataza unyanyapaa, lakini sheria haimfuati mtu kisimani. Yote hayo alisema anayajua.

Sharti lake lilikuwa moja. Yule mtoto aliyekuwa tumboni alipopimwa yuko darasa la saba, na mtihani ni Septemba. Hajui habari ya mama yake. "Nataka alisikie kwangu, jikoni, sio kwenye simu ya konda. Na sio kabla ya mtihani."

Basi ndiyo sababu. Shirika lililokuwa likitugharamia lilitaka kipindi kitoke kabla ya Juni kwisha ili kiingie kwenye ripoti. Nilipowaeleza, wakashauri tukitoe na ile sauti nzito. Nilikataa, na awamu ya mwisho ya fedha hawakuitoa. Nina uchungu nao mpaka leo, sikufichi, kwa sababu kijana wa kuhariri ana mke na mtoto mchanga, na nimemlipa kwa zamu yangu ya mchezo wa kuchangishana fedha. Lakini ningeulizwa tena leo ningejibu vilevile.

Si kwamba kila kitu hungojewa. Unakumbuka Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje. Wahudumu waliokuwa wakilipwa na miradi waliambiwa wakae nyumbani, na uvumi ukapita kwamba dawa zimekwisha nchini. Tulipata ujumbe wa sauti wa baba mmoja aliyekuwa akimeza kidonge siku moja na kuruka siku inayofuata ili zimfikishe mbali. Siku ileile tulimrekodi mfamasia, dakika tatu tu, tukaisambaza kwa WhatsApp kabla ya jua kuzama: meza kila siku kama ulivyoelekezwa, nenda kliniki tarehe yako, virusi vikipata dawa ya kuruka-ruka hujifunza kuishinda. Kile hakikuwa na hariri wala muziki, na ndicho kilichosikilizwa kuliko vyote.

Kuhusu kuanza kwenu, nina ombi. Usianze na ile asilimia 12.7. Najua ndiyo namba ya watu wazima wenye VVU kwenu Njombe kwenye utafiti wa taifa wa 2022-2023, karibu mara tatu ya 4.4 ya nchi nzima, na najua kila mgeni akija kwenu anaianza hiyo. Watu wenu wameisikia mpaka imekuwa kama jina la ukoo. Utafiti uleule unasema kati ya watu wazima wanaotumia dawa, zaidi ya 94 katika kila 100 virusi vyao vimefubaa. Hiyo hawajaisikia. Ukiisema, wape na maana yake: mtu anayemeza dawa sawasawa, vipimo vikaonyesha virusi havionekani, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Hapo ndipo kipindi chetu cha nne kilipojaza simu yangu, na swali lilikuwa moja kwa sauti tofauti: "Kwa hiyo amepona?" Hajapona. Virusi vimejificha ndani ya chembe za mwili, vimelala, na dawa ikiachwa huamka. Nililirudia jibu hilo kwa mtu mmoja mmoja kwa wiki mbili, na sikuchoka, kwa sababu aliyeuliza hivyo ana mtu anayempenda kichwani mwake.

Na wazee wape nafasi. Kipindi cha pili tulikitumia kwa majina tu. Kule Kagera, wagonjwa wa kwanza walipotambuliwa 1983, watu waliuita Juliana, jina la mashati yaliyokuwa yakivushwa kutoka Uganda. Baadaye herufi za AIDS, jina la UKIMWI kwa Kiingereza, zikafasiriwa "Acha Iniue Dogodogo Siachi", ukaja "ngoma", ukaja "amekanyaga miwaya". Tulimweka mzee mmoja ayataje yote, na mwishoni akasema kwamba katika majina yote hayo hakuna hata moja lenye mtu anayezeeka. Dawa za bure zilianza 2004, na tangu 2016 anayekutwa na virusi huanzishiwa dawa bila kungoja kinga ishuke, lakini maneno ya watu yamebaki kulekule makaburini. Yule dada mwenyewe alinikataza neno "mwathirika". Kwenye kipindi anaitwa mama, mfugaji, mke wa mtu.

Furushi la karanga na unga wa uwele nimempa konda wa basi la Iringa la Jumatatu, limeandikwa jina letu, tafadhali mwahi stendi. Msalimie shemeji na mama, mwambie goti langu limepata nafuu kwa ile dawa yake ya kuchua.

Yule dada hana kawaida ya kuweka vocha. Tumekubaliana kwamba akishazungumza na mwanawe atanibipu mara mbili, kisha akate. Nikiona hivyo nitafungua droo, na wewe utakuwa wa kwanza kutumiwa.

Somo yako