Kuku wa Nane Nane: chakula na kikao

Habari za jioni wapendwa. Kuku wetu wa maonyesho ya Nane Nane pale Nyamhongolo wametimiza wiki tatu, sasa tunahamia finisha (chakula cha kumalizia kukuza).

1. Kikao Jumamosi saa 10 jioni, bandani Igoma. Mwenye mizani aje nayo.
2. Mchango wa chakula sh. 12,000 kila mmoja, kwa mhazini, mwisho Ijumaa.

Dagaa wa kuchanganyia wawe wakavu. Wasugue kiganjani, mchanga ukibaki, msinunue. Wiki ya mwisho dagaa tunawaondoa kabisa kwenye chakula, nyama isije ikanuka samaki. Mchana joto linawakatisha kuku hamu ya kula, hivyo zamu za kulisha alfajiri na usiku ndizo zinazojenga uzito. Tafadhali sana, maji yasikauke.

Thibitisha hapa kwa jina na zamu yako kabla ya kesho saa 2 usiku. Asanteni.