Mawakala wa vyuo vya nje waandike na visa inaisha lini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na mawakala wa vyuo vya nje, hasa hawa wanaotangaza "Soma Uingereza, kisha fanya kazi miaka miwili". Tangazo la namna hiyo lilitoka tena gazetini juma lililopita. Mimi ni mhasibu mstaafu wa chama cha ushirika wa kahawa. Binti yangu alimaliza shahada ya uzamili ya ugavi huko Uingereza mwaka 2025, na hesabu zake zote ninazo kwenye daftari.

Visa ya wahitimu, ile inayomruhusu aliyemaliza chuo kubaki Uingereza na kufanya kazi, ipo kweli, na ina uzuri wake. Mhitimu hahitaji mwajiri wa kumdhamini, hapangiwi kima cha mshahara, na akitaka kujiajiri anajiajiri. Lakini muda wenyewe unabadilika: atakayeiomba kuanzia Januari 1, 2027 atapewa miezi 18 tu, isipokuwa wenye PhD, wanaobaki na miaka mitatu. Kozi ya uzamili kwa kawaida ni ya mwaka mmoja. Kijana atakayeanza Septemba 2026 atamaliza 2027, kwa hiyo mzazi anayemlipia karo sasa kwa sababu ya hiyo "miaka miwili" analipia kitu ambacho mwanawe hatakikuta.

Halafu visa hiyo hailetwi pamoja na cheti cha chuo. Inaombwa ukiwa hukohuko Uingereza, kabla ya visa ya mwanafunzi kwisha, na inalipiwa. Binti yangu alilipa pauni 880 za maombi na pauni 2,070 za huduma ya afya kwa miaka miwili. Jumla pauni 2,950, kama shilingi milioni kumi za kwetu, taslimu, kabla hajaitwa hata kwenye usaili mmoja. Kwa ajili ya karo nilikuwa nimeshauza kiwanja cha Njia Panda (kihamba, shamba la ukoo, sikukigusa, hicho hakiuzwi), kwa hiyo hizi zilitoka kwenye kiinua mgongo.

Ikiisha, haiongezwi. Na muda ulioishi kwa visa hiyo hauingii kwenye miaka ya kazi inayompa mtu haki ya kuomba ukazi wa kudumu. Ili abaki, mhitimu lazima apate mwajiri mwenye leseni ya kudhamini wageni, kwa kazi ya kiwango cha shahada, na mshahara usiopungua pauni 41,700 kwa mwaka. Anayetoka kwenye visa ya masomo au ya wahitimu hupunguziwa hadi 33,400. Binti yangu alipata kampuni ya usafirishaji iliyompenda. Wakampa ofa ya 29,000. Alipowauliza habari ya udhamini, meneja akamwambia kwa upole kwamba mtu wa nafasi ile hawawezi kumlipa zaidi ya hapo. Nimekaa kwenye vitabu vya hesabu maisha yangu yote, siwezi kumlaumu yule meneja. Zaidi ya mshahara, kampuni kubwa inayodhamini mgeni hutozwa na serikali pauni 1,320 kwa kila mwaka wa udhamini. Kwa nini ajitwishe hayo wakati kuna mwenyeji mlangoni?

Zamani wengi walikimbilia kazi za kutunza wazee. Tangu Julai 22, 2025 njia hiyo imefungwa kwa wanaoajiriwa kutoka nje, na waliomo ndani wamebakiziwa upenyo mdogo hadi Julai 2028. Matapeli nao hawalali. Kuna mtu alimtumia binti ujumbe WhatsApp, ana "cheti cha udhamini" cha kuuza, hati ambayo hutolewa na mwajiri mwenye leseni. Nilimwambia mwanangu bora apande ndege arudi nyumbani kesho yake kuliko kuinunua. Orodha ya waajiri wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, kuitazama ni bure.

Na wenye ndoa je? Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa darasani (si wa utafiti) haruhusiwi kwenda na mwenzi wala watoto, na hawezi kuwaongeza akishapata visa ya wahitimu.

Nilipompeleka binti kwenye maonyesho ya vyuo katika hoteli moja Dar es Salaam, nilimuuliza dada wa mezani: hiyo miaka miwili ikiisha, inakuwaje? Akanijibu, "Mzee wangu, hayo ya mbele yatajipanga yenyewe," akanipa kalamu na mfuko wa kitambaa. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba wakala hulipwa kamisheni na chuo mwanafunzi akishajiandikisha. Kinachotokea baada ya mahafali hakimo kwenye hesabu zake.

Ninaimba kwaya na mzee mmoja ambaye mwanawe yuko Ujerumani. Huko nako mhitimu anapewa miezi 18 ya kutafuta kazi, na katika muda huo anaruhusiwa kufanya kazi yoyote. Akipata kazi ya taaluma, akaifanya miaka miwili huku akichangia mfuko wa pensheni, na Kijerumani chake kikafika B1, yaani kiwango cha kati, anaweza kuomba ukazi wa kudumu. Kuingia si rahisi: lazima aonyeshe euro 11,904 benki kwa mwaka. Lakini vyuo vingi vya umma havitozi karo. Ninashuku ndiyo maana sikuona meza ya Ujerumani pale hotelini.

Mawakala hawa husajiliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Naiomba Tume iwalazimishe kuandika, kwa herufi za ukubwa uleule wa "fanya kazi", visa ni ya miezi mingapi, inagharimu kiasi gani, na mshahara gani unahitajika ili mtu abaki ikiisha. Kwa sasa, mzazi mwenzangu, waombe wakuandikie majibu hayo kwenye karatasi yenye mhuri wa ofisi yao kabla hujaenda benki.

Mzazi na mhasibu mstaafu,
Moshi