Mheshimiwa katimiza au hajatimiza? Angalieni nani yuko uwanjani saa kumi jioni

Ndugu Mhariri, shikamoo kama umenizidi, na kama hujanizidi basi za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana huku kwetu tumegawanyika, na safari hii wala sio Simba na Yanga, ni mbunge. Kuna wanaosema mheshimiwa katimiza ahadi yake ya michezo ya wanawake yote, kuna wanaosema katupiga changa la macho, na juzi kwa muuza kahawa nusura watu wakunjane mashati. Jina lake silitaji, wa jimboni watamjua na wa majimbo mengine watadhani namsema wa kwao, sawa tu.

Alichoahidi kwenye kampeni tulikisikia wote. Mabinti watapata sehemu yao ya kuchezea na watapata ligi yao, basi. Vigelegele vilipigwa na mimi nilipiga sana tu.

Sasa kambi ya mheshimiwa ukiwauliza wanakutolea simu, wanakuonyesha picha. Jezi hizi hapa, mipira hii, hii siku alipowakodia timu ya netiboli ile kosta, na hili bonanza la Machi 8 akina mama wanavuta kamba, wanakimbia na yai kwenye kijiko, wanafukuza kuku. Ni kweli alitoa na mwenye haki yake mpeni, tena kuna dada zetu hizo jezi ndio jezi zao za kwanza tangu wazaliwe. Lakini jamani seti ya jezi unaingia Kariakoo asubuhi mchana umeshatoka nayo, hiyo ni zawadi, ahadi ilikuwa sehemu ya kuchezea na ligi. Na kufukuza kuku tangu lini ukawa mchezo wa kuinua wanawake, mbona kwenye kombe lake la vijana wa kiume sikuona mtu anafukuzishwa kuku, wale walipewa refa mwenye filimbi na bingwa akapewa pesa.

Wapinzani wake nao wananichosha. Mmoja anasema hajafanya lolote, uongo huo. Mwingine analalamika hatujajengewa uwanja kama wa Mkapa, nani alikuahidi wa Mkapa wewe? Wanapiga kelele nyingi mpaka ile hoja yenyewe inapotea.

Mi nina genge pembeni ya uwanja wa mtaa kwa hiyo naona kila siku nani anaingia na nani anafukuzwa. Saa kumi jioni mpaka giza ni ya wavulana, timu hii ikitoka inaingia ile, na wakati wa ndondo, yale mashindano ya soka ya mtaani, ndo usiseme, hata kile kipande cha netiboli pembeni wanapanga viti na maspika. Mabinti wanaambiwa waje saa nane mchana. Saa nane, Dar hii, mwezi wa pili! Wengine saa hizo wako shule, wengine wako kwa watu wanafanya kazi, wanaokuja wanakuja watano sita na timu ya netiboli ni watu saba kila upande, wanarushiana mpira nusu saa jua linawashinda wanakuja kwangu kuomba maji. Au wasubiri wavulana wamalize, inaadhiniwa magharibi ndo waanze, sasa mzazi gani atamruhusu binti yake arudi usiku kwa vichochoro vyetu vile. Pa kubadilishia nguo hakuna, wanabadilishia nyuma ya genge langu mi nawashikia khanga. Choo hakuna, mvulana atasimama ukutani, binti je?

Na goli la netiboli limebaki moja, la pili bomba lilikatwa usiku likaenda kwenye chuma chakavu, wakati mheshimiwa yuko kwenye picha na mpira mpya mkononi chini ya hilo lililobaki.

Sasa kuna mzee wetu mmoja namheshimu sana, yeye anasema mnamuonea bure, kujenga viwanja ni kazi ya halmashauri, mbunge kazi yake kutunga sheria na kuisimamia serikali. Mzee wangu upo sahihi, ila basi asingeahidi. Halafu kuna ule mfuko wa jimbo, upo kwa sheria ya mwaka 2009 na mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge mwenyewe, kwa hiyo akisema hela hana namuelewa nusu. Kiwanja cha netiboli sio hekari, ni mita 30 na nusu kwa 15 na robo, kinaenea hata kwenye eneo ambalo mtaani kwetu watu wanapaki bajaji. Bomba mbili za mita tatu na kidogo, ringi mbili, chokaa. Na kubadilisha ratiba ya uwanja hata hela haitaki, inataka mtu mwenye sauti aende ofisi ya serikali ya mtaa aseme Jumanne na Alhamisi saa kumi ni ya mabinti, akibisha mtu aje kwangu.

Hoja iliyoniudhi kuliko zote ni ya wale vijana wanaosema wanawake wenyewe hawana mwamko. Theresia Dismas alirusha mkuki akarudi na medali ya fedha toka michezo ya Afrika kule Brazzaville mwaka 1965, baba zenu wengine walikuwa bado. Serengeti Girls walienda Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 India mwaka 2022 wakamfunga Mfaransa 2-1 wakafika robo fainali, Kombe la Dunia nalisema hilo, nitajieni timu ya taifa ya soka ya wanaume iliyofika huko. Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya soka ya wanawake, walicheza AFCON ya wanawake 2010 wakarudi tena Morocco 2025. Clara Luvanga, mcheza soka wetu, alisajiliwa na Al Nassr ya Saudi Arabia. Hawa hawakuokotwa uwanja wa ndege, kuna mahali walipewa nafasi ya kucheza, sasa wa kwetu atapewa wapi wakati saa nane mchana ndo saa yake?

Tena niseme hili wasije sema nina chuki. Rais mwaka 2023 alivyosema kila goli la Simba na Yanga kwenye mashindano ya Afrika ni milioni 5, mtoto wa darasa la pili aliweza kuhesabu, goli limeingia hela imetoka, hakuna wa kubishana naye. Ya mbunge wetu mtu hahesabu chochote maana hakusema lini wala wapi, ndio maana kijiweni kila mtu anatimiziwa kivyake. Wanaopenda kuuliza maswali kwenye mikutano safari hii msimuulize kama anapenda michezo ya wanawake, atawajibu anapenda mpaka mchoke. Muulizeni kiwanja kiko wapi, ligi inaanza lini, na jioni ya siku gani ni ya mabinti.

Na kama mheshimiwa anasoma gazeti hili, asisumbuke kuleta jezi nyingine, zile za mwanzo bado nzima, hazijapata kuchezewa vya kutosha. Aje siku ya kazi bila mpiga picha, saa kumi, kiti nitampa na maji ya kunywa nitampa bure.

Mama Genge,
Dar es Salaam