Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya Utamaduni: wazee wetu waandikwe wangali hai

Mheshimiwa Waziri,

Yah: Kuwaajiri vijana wasomi kuandika historia za wilaya zetu

Kwa heshima na taadhima, naleta kwako ombi ambalo naamini linaweza kutekelezwa. Wahitimu wengi wa vyuo vikuu, wakiwemo waliosoma historia na Kiswahili, wapo nyumbani wakisubiri ajira, na wazee wetu wanaondoka na mambo ambayo hayajaandikwa popote. Serikali inaweza kuwakutanisha, na iko nchi iliyowahi kufanya hivyo wakati ikiwa na dhiki kubwa.

Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliikumba Marekani kiasi kwamba kufikia 1933 karibu mtu mmoja kati ya kila wanne wenye nguvu za kufanya kazi hakuwa nayo. Serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilipoamua kuwalipa wasio na kazi wajenge barabara, madaraja na shule, ilitambua pia kwamba mwandishi au mhariri aliyepoteza kazi ana njaa sawa na mwashi, na mwaka 1935 ikaanzisha Mradi wa Shirikisho wa Waandishi chini ya uongozi wa Henry Alsberg. Mradi huo ulipofikia kilele chake ulikuwa na watumishi zaidi ya 6,000, na wengi wao hawakuwa na jina lolote. Walichukuliwa baada ya kuthibitisha kwamba ni wahitaji. Walitoa kitabu cha mwongozo kwa kila moja ya majimbo 48 ya wakati ule. Zora Neale Hurston alikusanya hadithi na nyimbo za watu wa Florida, na Ralph Ellison, akiwa bado hajatoa riwaya yoyote, alizunguka mitaa ya Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, akiandika maneno ya watu wa kawaida.

Kazi yao ninayoithamini kuliko zote ni mahojiano na watu zaidi ya 2,300 waliozaliwa utumwani, yaliyofanyika hasa kati ya 1936 na 1938. Utumwa ulikuwa umekomeshwa mwaka 1865, kwa hiyo hata mdogo wao aliyeweza kuukumbuka alikuwa amepita miaka 70, na laiti serikali ingengoja uchumi utengemae kwanza, wengi wao wasingesikika kamwe.

Hata hivyo, Mheshimiwa, kazi hiyo ilikuwa na kasoro ambayo sisi tunapaswa kuisoma kwa makini. Mjini Charleston, katika jimbo la South Carolina, bibi mmoja aitwaye Susan Hamlin alihojiwa mara mbili na watu tofauti. Kwa mhoji mzungu, ambaye alimdhania kuwa ametoka ofisi ya ustawi wa jamii, bibi huyo alimsifu bwana aliyemmiliki. Kwa mhoji mweusi alisimulia viboko, na vilio vya familia zilizotenganishwa zilipouzwa. Mtu ni yule yule na mji ni ule ule. Aliyebadilika ni muulizaji. Wengi wa wahoji katika mradi ule walikuwa wazungu, na nani ajuaye ni mangapi yaliyobaki vifuani mwa wazee wale.

Nasema haya kwa sababu kwetu pia yapo mambo ambayo mzee hawezi kumweleza kila mtu. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi kukusanya kumbukumbu za Vita vya Maji Maji, na heri walikwenda, maana leo hakuna wa kumuuliza. Waliobaki ni wale waliokuwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, katika mashamba ya mkonge, waliouona mradi wa karanga Kongwa na Nachingwea ukianza na kufa, na waliohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970. Kijana akifuatana na mtendaji wa kijiji kwenda kumuuliza mzee habari za kuhamishwa, atapewa majibu yale yale ambayo serikali hupewa.

Kwa hiyo naomba vijana waajiriwe katika wilaya walikozaliwa, wafunzwe kwanza namna ya kuhoji, waende bila msafara wa viongozi, na wamrekodi mzee kwa lugha anayoiota, kisha ndipo maneno yake yatafsiriwe kwa Kiswahili. Nakala moja ya sauti na maandishi ibaki wilayani kwa afisa utamaduni, nyingine ipelekwe Nyaraka za Taifa.

Naomba pia fungu lake lilindwe. Mwaka 1938 kamati ya Bunge la Marekani iliyoongozwa na Martin Dies iliwatuhumu waandishi wale kwa ukomunisti, na mwaka uliofuata serikali kuu ikaacha kuufadhili mradi, ukabaki mikononi mwa majimbo hadi 1943. Wazee watasema mengine yasiyotupendeza sisi tulio hai, na wahariri wasipewe mamlaka ya kuyaondoa.

Wilaya chache zinatosha kwa kuanzia, na naomba zianzie zile ambazo wazee wa mashamba ya mkonge bado wapo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu wa Historia,
Tanga