Harambee ya Isukuti kwa Watu Wetu Wazima Wenye Hali ya Down

Wapendwa wa kanisa letu hapa Kakamega, na nyinyi wa nyumbani mlio Nairobi, Eldoret na hata majuu, hamjambo. Sisi ni kikundi cha wazazi na ndugu za watu wazima wenye hali ya Down (Down syndrome) na tunawaomba mtushike mkono tuendelee kuwafanyisha mazoezi kwa ngoma ya isukuti.

Mtoto wa hali hii akiwa mdogo angalau kuna yuniti ya shule, kuna mwalimu, asubuhi anavaa yunifomu anatoka. Akishakuwa mkubwa hayo yote yanaisha, anarudi nyumbani anakaa mbele ya TV, kilo zinaongezeka, magoti yanachoka, na zile ngazi alikuwa anapanda mwenyewe sasa lazima ashikwe mkono. Na watu bado wanamuita mtoto, mtu ako na miaka 34! Huko Marekani mapema miaka ya 1980 mtu mwenye Down alikuwa anaishi kama miaka 25 hivi, siku hizi wengi wanafika 60, kwa hivyo jameni hawa watu tuko nao, wanazeeka na sisi, na wanahitaji mwili wa kuwabeba.

Shida inaanza mimba ikitungwa, kromosomu ya 21 (kromosomu ni vile vinyuzi vya urithi ndani ya seli) inakuwa tatu badala ya mbili, basi mtu anazaliwa misuli ikiwa laini, viungo vimelegea, nyayo mara nyingi ni bapa, kusimama na mguu mmoja ni kazi kubwa. Dawa ya kuondoa hiyo hakuna. Lakini misuli ikipewa kazi inapata nguvu hata kwa mtu mzima, na ngoma ni kazi tamu. Ukimpa mtu wetu maelezo marefu ya mazoezi anapotea njiani, ila mwonyeshe kwa macho ataiga, na mdundo wenyewe unamwambia mguu ushuke saa ngapi.

Na sisi tuko na isukuti! Ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO waliiandika mwaka wa 2014 kati ya mila zinazotakiwa kulindwa haraka. Watu wetu wamekulia kwa hizi ngoma, kwa harusi na kwa matanga, ule mdundo wako nao tayari. Tumekuwa tukikutana Jumamosi kwa holi ya kanisa, na dada mmoja aliyekuwa akigeuka anashika ukuta siku hizi anageuka katikati ya watu, mikono juu, hataki kushikwa na mtu.

Sasa pesa. Kubwa kabisa ni daktari, na hapo hatutaki mchezo. Karibu nusu yao huzaliwa na shida ya moyo, na wengine ile mifupa miwili ya juu kabisa ya shingo imelegea, kwa hivyo kabla mtu aingie kucheza lazima apimwe, na daktari akitaka eksirei ipigwe. Kurusha kichwa na kupinduka ni marufuku kwetu, na wazee wa ngoma wameshakubali kuanza polepole. Halafu kuna fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wa kusimamia, raba nzuri za miguu, kurekebisha simiti ya holi imebomoka vibaya, na nauli ya wale wa Shinyalu na Malava maana boda kwenda na kurudi si mchezo kwa mama anayeuza mboga. Kwa mwaka tumepiga hesabu ya shilingi 240,000.

Harambee ni Jumapili ya mwisho wa mwezi baada ya ibada ya pili, kutakuwa na mnada wa kuku na ndizi, na watu wetu watacheza mbele yenu. Kadi ziko kwa katibu, M-Pesa muulize mweka hazina, hata mia tunapokea kwa mikono miwili. Kama huna pesa lakini uko na gari ya kubebea watu Jumamosi, tuambie.

Na kama kwenu kuna mtu mzima wa hali hii amekaa tu ndani, mlete hata kabla ya harambee. Hatulipishi.