Eti sifundishi

Moshi, Jumapili jioni

Mama Junior wangu,

Salamu nyingi. Huku wazima, watoto wazima, mvua imegoma na vumbi lote la Pasua limehamia sebuleni kwangu. Najua nimekaa kimya sana na leo naibuka na shida. Lakini lini nimewahi kukuandikia bila shida?

Alhamisi kuna kikao cha taaluma na mimi ndiye ajenda. Jina hawajaliweka, wameandika "mbinu za ufundishaji", ila hata mlinzi wa getini anajua ni nani. Wawakilishi wa mwaka wa kwanza wamepeleka malalamiko kwamba sifundishi. Eti naingia, nauliza swali, nawaacha wabishane wenyewe kwa wenyewe, natoka. "Madamu hatupi notisi." Notisi, Mama Junior! Handauti ziko steshenari pale nje, na PDF ziko kwenye grupu la WhatsApp tangu wiki ya kwanza.

Sikia ya Jumanne, halafu uniambie. Nilichora saketi ubaoni: betri, balbu mbili mfululizo, na swichi iliyowekwa sambamba na balbu ya pili. Swichi ikifungwa, balbu ya kwanza itakuwaje? Itang'aa zaidi, itafifia, itabaki vilevile au itazima? Wakainua kadi. Zile za Plickers unazijua, karatasi yenye mchoro mweusi, mtu anaigeuza upande wa jibu lake, na simu yangu peke yake ndiyo inayozisoma. Mwenye kitochi na mwenye iPhone ngoma droo. Karibu darasa zima: itabaki vilevile. Na hao wote kanuni ya Ohm wanaikariri hata usingizini. Nikasema haya, kila mtu amtafute mwenye jibu tofauti amshawishi. Kelele zake! Mwenzetu wa chumba cha pili alikuja kuchungulia dirishani. Kuna binti anakaa nyuma kabisa, tangu Oktoba sijamsikia sauti. Nikamkuta kamshika mwenzake mkono: "Sasa mkondo ukipata waya mtupu usio na ukinzani, upite kwenye balbu kufuata nini?" Kura ya pili ikageuka. Ndipo nikafunga swichi pale mezani, ya pili ikazima, ya kwanza ikang'aa, ukumbi ukalipuka ungedhani tuko Uwanja wa Ushirika.

Hicho ndicho kipindi ambacho sikufundisha.

Wakati huohuo tumeagizwa kila somo liwe na slaidi, ndiyo "matumizi ya TEHAMA". Baba Angel unamjua. Anafunga mapazia, anawasha projekta, anasoma slaidi neno kwa neno mpaka nukta, nusu ya watu wanakoroma. Umeme ukikatika, kipindi kimeisha. Na hajalalamikiwa hata siku moja! Yeye ndiye wa kisasa, mimi na kadi zangu napiga porojo. (Mtu mwema lakini. Juzi amenisaidia kusukuma gari.)

Wanafunzi wala siwalaumu. Ukimsikiliza mtu anayeongea vizuri unatoka unajiona umeelewa. Ukibanwa na swali unatoka kichwa kinauma, unajiona mbumbumbu. Hata Harvard yamewakuta: mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake walilinganisha wanafunzi wa fizikia, na waliofanyishwa kazi darasani walifanya vizuri zaidi kwenye jaribio, ila wao wenyewe wakasema wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara. Sasa wetu, waliokaririshwa tangu chekechea, wakose kulalamika? Nilitaka niwasomee hilo kikaoni, pamoja na ule uchambuzi wa Scott Freeman wa 2014, tafiti 225 za sayansi na hisabati, ambako wa mhadhara mtupu uwezekano wao wa kufeli ulikuwa mara 1.5 ya wenzao. Mama Upendo kanikatisha: "Ukianza na Marekani, watakuuliza Marekani wanafundisha watu wangapi kwenye ukumbi mmoja." Na kweli watauliza. Nilifikiria niwatajie KCMC, ile hospitali ya rufaa yenye chuo cha udaktari hapa Moshi, maana madaktari wao wanasomeshwa kwa timu siku nyingi, lakini watasema wale wana wafadhili.

Wanataka cha hapahapa. Ndiyo maana nakusumbua. Ule mwaka ulipoanza na kadi za manila huko Arusha ulikuwa unaandika kura ya kwanza na ya pili kwa kila swali, kwenye lile daftari la kaunta. Naliomba. Piga picha tu, hata kwa ule mwandiko wako wa daktari nitasoma. Na matokeo ya mtihani wa mwisho kama unayo, ya kabla na ya baada. Bando nakurushia leo hii.

Halafu niambie, wa kwako walilalamika? Walinyamaza lini, au hawakunyamaza? Notisi ulikuwa unawapa kabla ya kipindi au baada? Mkuu wenu ulimwambiaje? Na ile kesi ya kiwanja cha Usa River imefikia wapi? Mama Glory karudi kwake au bado yuko kwa kaka yake? Hivi huwezi kuomba ruhusa ukapanda Kosta Jumatano jioni, ulale kwangu, Alhamisi tuingie wote kikaoni?

Nijibu kabla ya Jumatano, hata kwa meseji ya sauti.

Wako,
Mama Gift